Kadzo Kenga, mleta habari asiyemtaja aliyemtuma

Saa nne za asubuhi, Kadzo Kenga yuko kwenye kaunta ya duka moja la vyuma mtaani Bondeni, ananunua bawaba. Anaifungua, anaifunga, anaitazama kama mtu anayechagua mkwe. Anauliza kama ipo ya shaba. Mwenye duka anasema ipo. Kadzo anafikiri sana, kisha anachukua ile ile ya chuma.

Hana mlango unaohitaji bawaba. Nyumbani kwake Tudor ana bakuli zima la bawaba, na nyingine ameziweka mtungini.

Alichokijia ni kijana anayefunga vitu vya wateja. Kijana anaizungushia bawaba karatasi ya gazeti la zamani (ni gazeti hili, kwa masikitiko yetu) na wakati anaipokea, Kadzo anamwachia kiganjani kadi ndogo. Haina jina la mtu wala la ugonjwa. Ina anwani ya zahanati na siku ya kwenda. Mwenye duka hakuona kitu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

"Huwezi kuingia dukani kwa mtu, ukamnong'oneza mfanyakazi wake, ukatoka mikono mitupu," anasema akishafika barabarani. "Watu watauliza ulitaka nini. Ukitoka na kitu, jibu unalo mkononi."

Kadzo, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, ni mshauri wa magonjwa ya zinaa katika zahanati moja kisiwani Mombasa. Mgonjwa akigunduliwa ana kaswende au kisonono, hutibiwa, kisha huombwa amlete mwenzake. Au wenzake, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuwaumba watu kwa kipimo kimoja.

Mgonjwa asipoweza, au akiona haya, au akiwa hataki tena kumwona mtu huyo mpaka siku ya kiyama, Kadzo humfuata huyo mwenzake. Humwambia kwamba huenda ameambukizwa na kwamba aje apimwe. Hamwambii aliyesema ni nani. Hamwambii hata kama ni mrefu au mfupi.

"Watu hudhani aliyewataja amewashitaki," anasema. "Mimi huwaambia, amekukumbuka. Yeye keshapata dawa yake, angeweza kwenda zake akakuacha uoze. Kukutaja ni wema."

Ukimwuliza amebisha hodi nyumba ngapi tangu aanze kazi hii mwaka 1989, anajibu kwamba Mombasa ina nyumba nyingi. Ukimwuliza kama amewahi kwenda Kizingo, kwenye nyumba kubwa zenye walinzi na maua, anasema maua ya Kizingo ni mazuri sana. Zaidi ya hapo hasemi.

Mshahara wake ni wa manispaa, nao una tabia ya kuchelewa. Bawaba hazilipiwi na mtu. Tangu habari za Ukimwi zienee, kazi imekuwa ngumu zaidi, maana mtu akisikia neno zahanati huona jeneza. Kadzo humkalisha kwanza, akamweleza kwamba kaswende ni sindano, na baada ya sindano ni kuketi upande upande siku mbili. Wengi, anasema, hucheka hapo kwa mara ya kwanza.

Alizaliwa Kaloleni, binti wa mwinjilisti. Alianza kama mfagiaji wa wodi ya wazazi, akasomea uuguzi msaidizi usiku huku akilea watoto wawili peke yake. Kilichomtia kwenye kazi hii ni mambo aliyoyaona wodini. Akina mama walikuwa wakija mara ya pili na ya tatu na mimba zilizoharibika kwa kaswende. Walitibiwa, wakarudi kwa waume ambao hakuna aliyewatibu.

"Tulikuwa twatwanga maji," anasema. "Mke apigwa sindano, mume yuko barazani acheza bao."

Kisa kinachoeleza kazi yake kuliko vyote, Kadzo hakukisimulia. Kimesimuliwa na mwenyewe kilichompata, pamoja na mamake, kwenye sebule yao Mji wa Kale. Kijana huyo ameomba aitwe Abdulhalim. Si jina lake. Amelichagua kwa sababu, anasema, siku zote alitamani jina lenye upole. Mamake ataitwa Bi Zuwena, na ameturuhusu kuandika kila kitu kwa sharti la kutosema umri wake.

Ilikuwa mwaka 1993. Abdulhalim alikuwa na miaka ishirini na sita, karani katika duka la Bwana Saifuddin, mfanyabiashara wa rangi na mabati. Kadzo alifika dukani akimtafuta, akanunua brashi. Bwana Saifuddin, mtu mwenye moyo mkunjufu na sauti ya kusikika ng'ambo ya kivuko, alimwambia kwa furaha kwamba kijana yuko likizo, kwamba anaoa baada ya siku kumi, kwamba nyumba yao iko kichochoro cha tatu kutoka msikitini, na kwamba yeye Saifuddin ndiye anayetoa mchele.

Hapo ndipo Kadzo alipojua kwamba kuna mtu mwingine katika jambo hili. Kuna msichana fulani aliyefungiwa ndani anasingwa kwa manukato ya liwa tayari kwa arusi, asiyejua lolote.

Kadzo alijitanda leso, akaenda. Bi Zuwena ndiye aliyefungua mlango. Wakaamkiana jinsi watu wa Mombasa wanavyoamkiana, wakaulizana hali, watoto, joto, na hali tena. Ndipo Kadzo akasema ana neno dogo la heri na Abdulhalim. Hakusema ametoka wapi. Hakusema ametumwa na nani.

Sasa, kila mwenye kujua Mji wa Kale anajua maana ya hayo. Mwanamke asiyejulikana mtaani anakuja nyumbani kwa bwana arusi siku chache kabla ya arusi. Ana adabu, anatazama huku na huku, hataji aliyemtuma. Huyo katumwa na wakwe. Amekuja kupeleleza. Wakwe werevu hawamtumi shangazi ambaye kila mtu anamjua. Humtuma mtu wa kando.

"Nilisema, leo ndiyo leo," anakumbuka Bi Zuwena. "Nyumba imepauka, ukuta wa ukumbini una ukungu, na mimi sijafagia ngazi."

Alimkalisha Kadzo upande usioonyesha ukungu. Akaleta kahawa, akaleta haluwa. Akatoa vyeti vya madrasa vya mwanawe. Jirani mmoja aliitwa aje kutoa ushahidi, akashuhudia kwamba Abdulhalim hajapata kumvunjia dirisha isipokuwa mara moja, tena lilikuwa bovu.

Kadzo hasemi uongo. Ni kanuni yake, na siku hiyo kanuni hiyo ilimponza. Alipoulizwa kama amekuja kwa wema, alijibu kwamba amekuja kwa heri ya Abdulhalim na heri ya mke atakayemwoa. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilizidi kumpoteza Bi Zuwena.

"Nikamwambia, mwanangu tangu azaliwe hajui maradhi," anasema Bi Zuwena, na hapa anafunika uso kwa ncha ya leso. "Nikamwambia, nyumba hini haina siri, kama una mato tazama. Na yeye akanitazama kwa huruma, nami nikadhani amependezwa."

Abdulhalim alipoingia, mamake alimkonyeza mara tatu. Kijana akafahamu. Aliketi wima, akaanza kueleza bila kuulizwa jinsi anavyopenda kuamka mapema. Mama naye hakuondoka. Alikuwa amekaa mlangoni na nia ya kusikia kila neno.

Kadzo aliona hapatafaa. Akaaga, akaomba asindikizwe mpaka barabarani, jambo ambalo hakuna nyumba ya Kimvita inayoweza kumkatalia mgeni. Bi Zuwena alifurahi mno, akampa mwanawe sahani ya haluwa aibebe mpaka kwenye njia kubwa, mgeni akawape waliomtuma.

Wakashuka kichochoroni, Abdulhalim na sahani mbele, akitembea kama askari wa gwaride. Walipofika mahali pasipo na dirisha, Kadzo alisimama.

"Mwanangu, mimi sikutoka kwa wakweo," alimwambia. "Natoka zahanati. Kuna mtu ametibiwa kaswende, na ameona ni wema wewe nawe upimwe."

Abdulhalim anasema hakuiangusha sahani. Anataka hilo liandikwe.

Kwanza alicheka. Kisha alikasirika. Alisema yeye ni mzima, hana kidonda, hana homa. Kadzo akamweleza kwamba kidonda cha kaswende hupoa chenyewe bila dawa na ugonjwa ukabaki damuni kimya. Ndipo akauliza ni nani. Kadzo hakumtajia. Kijana akaanza kukisia majina.

"Alininyoshea mkono kama polisi wa barabarani," anasema. "Akaniambia, usinitajie mtu. Uniletee damu yako tu, majina kaa nayo."

Siku iliyofuata hakwenda. Ya pili yake pia hakwenda. Alikuwa amejishawishi kwamba yule mama amekosea mtu, kwani Mombasa ina wengi wenye jina lake. Siku ya tatu alikwenda, akiwa amevaa miwani ya jua na kofia ya rafiki yake, akaingia kwa mlango wa nyuma ambao ndio mlango wa jikoni, akawapa wapishi maamkizi ya heshima, akapita.

Levi Mung'aro, tabibu wa zahanati, alimtoa damu. Majibu yalikuwa ndiyo. Alipigwa sindano kila upande, na Levi anakiri kwamba dawa ile ni nzito na sindano yake si ya kufanyia mzaha. Kisha akamwambia lililobaki. Asimguse mwanamke kwa muda usiopungua majuma mawili, mpaka akaguliwe tena.

Arusi ilikuwa imebakiza juma moja.

Msomaji asiye wa pwani atauliza, si aoe, kisha asubiri? Tunamjibu kwa heshima kwamba arusi ya Mji wa Kale ina mashahidi wengi kuliko kesi ya mauaji. Kuna somo aliyemfunda bibi arusi, ameketi nyuma ya mlango akingoja habari. Kuna mashangazi wanaomngoja somo. Bwana arusi asiyeingia chumbani usiku wa kwanza huwa amezungumzwa mpaka Malindi kabla ya adhuhuri.

Na kuahirisha? Sufuria za pilau zilikuwa zimekodiwa. Mchele wa Bwana Saifuddin ulikuwa uvunguni. Kuahirisha bila sababu ni kumtukana msichana wa watu, na kusema sababu ni kujimaliza.

"Nilimwambia Bi Kadzo nitaoa siku ile ile," anasema Abdulhalim. Hapa anaacha kuchezea pindo la kikoi chake. "Nikamwambia pengine msichana hatapata. Nilijua nasema upuuzi."

Kwa sheria ya kazi yake, Kadzo hakuweza kwenda kwa wakwe. Hakuweza kumwambia Bi Zuwena. Angeweza tu kuketi mbele ya kijana huyo na kumwambia ukweli wote, kwamba msichana atapata, na kwamba akishika mimba mtoto naye atapata. Akamwambia.

"Kisha akasema, mimi mdomo wangu umefungwa. Wako u wazi, wewe ndiye mwenye ulimi," Abdulhalim anakumbuka. "Hakunigombeza. Angenigombeza ningetoka nikaenda zangu."

Tulipomwuliza Kadzo, bila kutaja mtu, kama kuna siku sheria hiyo humuuma, hakukana. Alisema zipo siku anarudi nyumbani asiweze kula. Lakini siku atakayofungua mdomo mara moja tu, alisema, hakuna atakayemfungulia mlango tena, na hapo watu wengi zaidi wataumia.

Abdulhalim alirudi nyumbani, akamkuta mamake juu ya kigoda, mikono myeupe kwa chokaa mpaka viwikoni. Bi Zuwena alikuwa anapaka ukuta wa ukumbini peke yake. Tangu siku ile mgeni alipoondoka alikuwa hana raha. Aliona kijana wake amebadilika, hali chakula, hasemi. Akajua mpelelezi amepeleka habari mbaya na wakwe wanataka kujitoa. Na kosa ni la ukuta.

"Akaniuliza, yule mama alikwambia nini njiani? Aliuona ukungu?" anasema Abdulhalim. "Nikashindwa. Ningeweza kubeba aibu yangu, lakini si kumwona akipaka chokaa kwa ajili ya kosa langu."

Akamwambia yote, akiwa amesimama, kwa sababu baada ya sindano za Levi kuketi kulikuwa hakuwezekani.

Bi Zuwena hakushuka. Aligeuka akaendelea kupaka mpaka ukuta ukaisha. Kisha akaosha mikono, akauliza swali moja tu: daktari kasema majuma mangapi? Alipojibiwa, alijifunga leso kichwani, akaingia chumbani, akajilaza.

"Nikasema, basi, mimi mgonjwa," anatueleza, kwa utulivu wa mtu anayetaja bei ya nyanya. "Nani ataoza mwana na mamake yuko kitandani?"

Hakuna aliyeuliza zaidi. Arusi isiyo na mama wa bwana arusi si arusi, na wakwe wenyewe ndio waliosema ingoje. Wakaja kumzuru mgonjwa wakiwa wamejaza ngazi. Na kwa kuwa ni watu wema, hawakuja mikono mitupu.

Bi Zuwena alinywa mwarubaini. Alinywa shubiri. Mama mkwe alileta habasoda iliyochemshwa na kitunguu saumu, akaketi pembeni kuhakikisha imekwisha. Jirani aliyetoa ushahidi wa dirisha alileta mizizi kutoka kwa mganga wa Rabai, ambayo mpaka leo haijulikani ni ya nini. Kila aliyeingia alikuwa na kikombe, na kila kikombe kilikuwa kichungu kuliko kilichotangulia.

"Kijana kapigwa sindano mara moja," anasema Levi, ambaye aliyasikia haya baadaye na akalazimika kutoka nje ya chumba acheke. "Mamake ndiye aliyetibiwa majuma matatu."

Siku Levi alipomkagua Abdulhalim tena na kumruhusu, kijana alipanda ngazi mbili mbili. Mamake alimtazama usoni, akatoa leso kichwani, akasema ana njaa. Arusi ikafanyika mwezi uliofuata. Mchele wa Bwana Saifuddin ulitosha.

Mkewe aliambiwa na Abdulhalim mwenyewe baada ya fungate. Hakuzungumza naye siku kadhaa, kisha akaenda zahanati kupimwa kwa hiari yake. Alikuwa mzima. Kabla ya kupimwa alimwambia Kadzo amekuja pia kumshukuru kwa aliyoyafanya.

"Kwa lipi, mwanangu?" Kadzo alimjibu, kwa ushahidi wa mke mwenyewe. "Mimi sikujui, wala mumeo simjui. Nyosha mkono nikutoe damu."

Mama mkwe naye aliambiwa miaka miwili baadaye, mjukuu wa kwanza alipokwisha kutembea. Alinuna mwezi mzima, si kwa sababu ya kaswende, anasema Bi Zuwena, bali kwa ajili ya habasoda yake. Leo wajukuu ni wawili, na walipita sebuleni wakikimbizana tulipokuwa tukizungumza, wenye afya ya kuchosha.

Tulipompelekea Kadzo kisa hiki kizima, alikisikiliza mpaka mwisho akikunja pamba. Alisema ni hadithi nzuri. Alisema familia hiyo, kama ipo, imejaliwa mama.

Abdulhalim ana jambo linalomsumbua. Yeye na Kadzo hupishana karibu kila juma, sokoni au kwenye njia ya kuelekea Ngome ya Yesu, na hawaamkiani. Kadzo ndiye anayeanza kutazama pembeni. Ni sheria yake nyingine: akimwamkia mtu aliyepita mikononi mwake, aliye karibu atauliza wamejuana wapi. Kwa hiyo watu aliowatendea wema mkubwa ndio wasiompa hata sabalkheri, katika mji ambao mtu humwamkia mpaka anayemdai.

"Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru mamangu, nimemshukuru na mwenye mchele," anasema Abdulhalim. "Yeye peke yake ndiye sijamshukuru. Mwandikieni."

Tumeandika.

Kadzo hulipwa shukrani zake kwa njia za siri. Asubuhi nyingine hukuta mlangoni pa zahanati mkungu wa ndizi, au samaki aliyefungwa vizuri, bila jina. Anasema humla samaki huyo kwa furaha kuliko mwingine yeyote, na humwombea dua mleta samaki kwa jumla, maana Mungu anayo majina.

Atastaafu baada ya miaka mitatu. Tayari amewachagua wauguzi wawili vijana, Cynthia na Dishon, na anawafundisha kubisha hodi, kungoja na kutojibu. Anataka kuwe na mshauri kama yeye katika kila zahanati ya kisiwa, na wawe wanaume pia, kwa sababu kuna baraza ambazo yeye hawezi kuketi.

Na baada ya hapo? Kadzo anatabasamu kwa mara ya kwanza bila kujizuia. Siku ya kwanza ya kustaafu, anasema, atavaa leso mpya, atatoka Bondeni kwa miguu, ataingia Mji wa Kale kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na atamwamkia kila mtu atakayekutana naye, mkubwa kwa mdogo, anayemjua na asiyemjua, mpaka isijulikane yupi ni yupi.

"Wote, kwa pamoja," anasema. "Nitawauliza hali, nitawauliza watoto, nitawauliza joto. Nina deni la sabalkheri za miaka mingi. Atakayeitikia na aitikie kwa sauti."